Jekundu Kushoto, Jeupe Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kigoda, kipande cha chaki na kijiti cha shaba chenye alama za milimita, nikaambiwa nikae mbele ya rundo la matairi chakavu mpaka niweze kusema kila moja limekufa kwa ugonjwa gani. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nilidhani nimeajiriwa ukarani. Kufika saa sita shati lilikuwa jeusi mpaka kwenye kola, na fundi mmoja aliyepita akaniuliza kama mama yangu anajua niko wapi.

Karakana yetu ilikuwa Gerezani, hatua chache kutoka Kariakoo, mali ya kampuni ya umma ya usafirishaji. Jina lake sitalitaja, maana baadhi ya wenzangu bado wapo na wanapenda ubishi. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, kila mtu ni Ndugu, hata aliyekuwa anakufukuza kazi. Malori yetu yalikwenda mikoa yote, lakini njia iliyotutoa jasho ilikuwa ya kusini, ya kufuata korosho: Kibiti, kivuko cha Rufiji, Lindi, mpaka Masasi. Mimi ni mtu wa huko Masasi, na ndiyo maana nasimulia habari hii.

Kijiti kile cha shaba ndicho kilikuwa kazi yangu kwa miaka ishirini na kitu. Unakichomeka katika mfereji ulio kati ya kashata, unasoma alama, unaandika. Kashata, kwa ninyi mnaomwachia fundi gari mkaenda kunywa soda, ni vile vinundu vya mpira vinavyoshika barabara. Tairi lililolika katikati lilijazwa upepo kupita kiasi. Lililolika kingo zote mbili lilikosa upepo. Lililolika upande mmoja, magurudumu hayakunyooka. Na lililochanika ubavuni, hilo dereva alipanda jiwe huku anapiga soga, hata akikuapia kwamba jiwe ndilo lililomfuata.

Aliyenifundisha haya alikuwa Mkuu wa Karakana, mtu mfupi kutoka Songea, Mkristo mwenye msimamo, asiyepaza sauti hata siku moja. Alikuwa na tabia ya kufuta miwani kabla ya kusema jambo, kwa hiyo ukimwona anatafuta kitambaa unajua mambo yamekuharibikia.

"Ndugu Bakari," aliniambia wiki ile ya kwanza, "tairi halina sababu ya kudanganya. Wewe unaweza kuwa nayo. Kwa hiyo andika ulichokiona, halafu nenda ukale."

Kwenda kula ndiko kulikokuwa na shida. Mkaguzi wa matairi hana marafiki. Tairi likifa kabla ya muda wake, dereva anaandikishwa maelezo, na anayemponza ni mimi na kijiti changu. Kwenye genge la chakula Mtaa wa Msimbazi nilikuwa nikifika kwenye benchi, mazungumzo yanakatika, watu wanakumbuka ghafla kwamba chai yao imekwisha. Jioni natembea kwa miguu mpaka Magomeni, kwenye nyumba ya vyumba sita. Vyumba vitano vilikuwa na familia. Cha sita kilikuwa na mimi, kitanda cha kamba, na khanga ya mke wangu iliyotundikwa nyuma ya mlango. Mke wangu, Somoe, alikuwa kwao, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Masasi mjini. Kupitia ukutani nilisikia majirani wakigombana juu ya chumvi, nikawaonea wivu. Nilikuwa mpweke, sina neno jingine la kulipamba jambo hili.

Kwetu, mwanamke aliyeolewa yuko bado chini ya mjomba wake. Mume ndiye anayekwenda kukaa kwa wakwe, si mke kuhamia kwa mume. Niliandika barua tatu kumwomba mjomba wake Somoe amruhusu aje Dar es Salaam. Jibu lilikuja moja, limeandikwa na mwalimu wa shule kwa niaba yake: "Ukimtaka, njoo mwenyewe umwombe. Barua haina magoti." Likizo yangu ilikuwa bado mbali, na nauli ya kwenda na kurudi ilinishinda.

Ndipo ikaja kazi ya kulinganisha.

Miaka ile matairi yalipatikana kwa kibali na yaliagizwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo huwezi kununua aina hii ukaona mbaya ukanunua ile. Unachagua mara moja, mnakaa nayo mwaka mzima. Tuliletewa aina mbili, zote mbili zikisifiwa kwamba ni za njia zote: lami, kokoto, mchanga na tope. Mkuu wa Karakana alifuta majina ya viwanda kwa rangi ili pasiwepo ushabiki. Aina moja akaitia doa jekundu, nyingine doa jeupe. Nasi tukaziita hivyo, Jekundu na Jeupe.

Jekundu lilikuwa na kashata nene zilizoachana, mfereji kati yake unapitisha kidole gumba. Tope likiingia, gurudumu likizunguka linalirusha nje. Jeupe kashata zake zilikuwa ndogo, zimebanana, na mpira wake mgumu zaidi. Tulizifunga pia kwenye landrova za wakubwa, na wakubwa wote walipenda Jeupe. Meneja Ugavi aliporudi kutoka Morogoro alishuka akitabasamu.

"Hili jekundu linavuma kwenye lami kama nyuki," alisema. "Hili jingine nimesinzia mpaka Chalinze."

"Ndugu Meneja," Mkuu wa Karakana akamjibu, "korosho hazihitaji kusinzia."

Baadaye alinivuta pembeni akanieleza hukumu itakavyokuwa. Matairi yote mawili yakilika sawasawa, au Jekundu likazidiwa kidogo tu, tutachukua Jekundu, kwa sababu ya tope la Rufiji wakati wa masika. Lakini Jeupe likishinda kwa mbali kwa kudumu, hatakuwa na la kusema mbele ya wakubwa. Fedha za kigeni zitaamua. "Kwa hiyo nataka vipimo visivyo na shaka," alisema. "Utakwenda na lori mwenyewe mpaka Masasi."

Nilifurahi hata nikaona haya.

Utaratibu ulikuwa huu. Lori la tani saba lina matairi sita. Unafunga aina moja upande wote wa kushoto, aina nyingine upande wote wa kulia, ili mzigo uwe mmoja, dereva mmoja, njia moja. Lakini sisi huku tunaendesha kushoto. Gurudumu la kushoto linapita kwenye ukingo wa barabara, kwenye kokoto na makorongo, na gari lenyewe linalalia upande huo. Tairi la kushoto linalika haraka hata liwe bora namna gani. Kwa hiyo ukifika mwisho wa safari ni lazima ugeuze: yaliyokuwa kushoto yaende kulia, yaliyokuwa kulia yaende kushoto, ndipo urudi. Bila kugeuza hujalinganisha matairi, umelinganisha pande za barabara. Kwa jeki ya mkono, kugeuza matairi sita ni kazi ya saa nyingi, na gari liwe tupu.

Tuliondoka kiangazi, Jekundu kushoto, Jeupe kulia. Dereva alikuwa Mzee Nampota, mtu wa makamo aliyevaa baraghashia hata akiwa chini ya gari. Ndiye dereva pekee aliyeketi nami kwenye benchi bila kuona dhambi. Tulifika Masasi siku ya nne, jua limekwisha kuzama. Pale tuliambiwa kwamba korosho ziko tayari: kesho alasiri tutapakia, keshokutwa alfajiri tutaondoka.

Kwa hiyo nilikuwa na siku moja. Siku moja ya kugeuza matairi, au siku moja ya kwenda kumpigia magoti mjomba.

Asubuhi nilimwamkia Mzee Nampota, "Shikamoo," naye akaitikia "Marahaba" akiwa ameshaitoa jeki. Nikamwambia nakwenda mara moja kumwona mke wangu, nitarudi adhuhuri tugeuze. Aliangalia jua, akaangalia jeki.

"Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi," alisema. "Na wakwe hawakuachii bila kula. Haya, nenda."

Mjomba alinipokea amekaa kibarazani, anachonga mpini wa jembe. Nilipiga magoti kama alivyotaka. Aliendelea kuchonga kwa muda mrefu.

"Huko Dar es Salaam unafanya kazi gani?"

"Napima matairi, mjomba."

"Yanakua?"

"Hapana, mjomba. Yanapungua."

"Ehe. Mtu amesoma mpaka darasa la nane, akaenda mjini kupima vitu vinavyopungua."

Ndani ya nyumba nilimsikia Somoe akijizuia kucheka, akashindwa. Sauti ile ndiyo iliyonifanya nisahau jua. Walichinja kuku. Nilikula. Mwisho mjomba akaweka mpini chini.

"Dada yake alikwenda mkongeni Tanga, hatujamwona tena," alisema. "Huyu nitamruhusu mara moja. Akimaliza palizi atapanda gari la kwenu. Akifika, atakaa na wewe. Asipofika, simtoi tena."

Nilirudi Masasi jua linashuka. Lori lilikuwa limejaa magunia mpaka juu, limefungwa kamba. Mzee Nampota alikuwa amekaa juu ya jeki.

"Nimewaambia wapakiaji wasubiri," alisema, "wakasema wao hawalipwi kusubiri."

Niliyatazama matairi. Sikuweza kunyanyua gari lenye tani saba kwa jeki ile. Ningeweza kuandika kwenye kadi ya vipimo kwamba sikugeuza. Mkuu angenikasirikia, na lori lingerudishwa Masasi kufanya kazi upya. Lakini angeuliza nilikuwa wapi, na nilijua kuna wenzangu waliofukuzwa kwa dogo kuliko hilo. Nikifukuzwa, Somoe angekuja mjini kwa nani? Nikatoa kadi, pale penye maneno "Kugeuza, Masasi" nikaandika "Tayari," nikatia sahihi. Mzee Nampota hakujua kusoma vizuri, lakini kadi ile aliijua.

"Utamweleza Mkuu?" aliuliza.

"Nitamweleza."

"Haya," alisema, na hakulitaja tena njia nzima.

Tuliingia Dar es Salaam Jumamosi, tukashusha korosho bandarini, tukafika karakana alasiri, mafundi wamekwisha ondoka. Niliyavua magurudumu yote mwenyewe nikayaegemeza ukutani, mekundu huku, meupe kule, asijue mtu yametoka upande gani. Jumatatu tulipima. Mekundu yaliyokaa kushoto kwenda na kurudi yalikuwa yamelika vibaya. Mkuu wa Karakana aliyapima mara mbili kwa mkono wake, akafuta miwani.

"Sikutegemea," alisema. "Lakini kama ndivyo yalivyo, ndivyo yalivyo."

Meneja Ugavi aliagiza Jeupe kwa malori yote ya kusini. Nilijiambia kwamba tofauti si kubwa, kwamba hata Jeupe ni tairi, kwamba tope ni tope tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msamiati.

Masika yalianza mapema mwaka ule. Somoe alimaliza palizi, nikapata habari kwamba amepanda lori la Mzee Nampota. Nilinunua kitanda kipana, nikawaita majirani wanisaidie kukipitisha mlangoni, na kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilinitania. Kwenye duka la Mwarabu mmoja Kariakoo nilichagua doti ya khanga kwa muda mrefu mpaka mwenye duka akaniletea kiti. Alhamisi waliyotarajiwa nilisimama langoni pa karakana tangu saa nane. Ijumaa pia. Jumamosi nilisimama mpaka mlinzi akaniuliza kama nimehamishiwa idara yake.

Mzee Nampota alifika baada ya siku ishirini na moja kutoka Masasi, peke yake, tope mpaka kwenye baraghashia. Alishuka polepole, akachukua mkeka uliofungwa kwa kamba, akanipa.

"Tulikwama kabla ya kivuko," alisema. "Lile tope jeusi. Jeupe lilijaa tope katikati ya kashata likawa kipara, linazunguka tu palepale. Tukakata matawi, tukalaza, likayameza. Mkeo amelala siku tisa kwenye kibanda cha watu, mwanangu. Hakulalamika. Siku ya tisa gari lililoshindwa kuvuka likageuza kurudi kusini, wanawake wote wakapanda. Akasema mkeka huu ameusuka kwa ajili ya kitanda chako, uutumie."

Aliweka mkono begani pangu, akasema kwa sauti ya chini, "Ulimweleza Mkuu?"

"Sikumweleza."

"Agizo la pili linaandikwa wiki hii. Nimelisikia kwa karani."

Mimi si shujaa. Nilikaa na mkeka ule siku mbili. Siku ya tatu niliingia ofisini kwa Mkuu wa Karakana nikamwambia kila kitu: mjomba, kuku, kadi, magurudumu niliyoyavua Jumamosi. Alitafuta kitambaa, hakukiona, akafuta miwani kwa tai.

"Kwa nini unaniambia sasa?"

"Kwa sababu ya agizo la pili, Ndugu Mkuu."

"Si kwa sababu ya mkeo?"

"Kwa mke wangu nimekwisha chelewa."

Alirudisha miwani usoni. Kisha akasema, "Ungeniambia Jumatatu ile ile, ningekukasirikia siku moja." Hakunifukuza. Alinipeleka stoo ya matairi, nikawa napima yanayorudi, na alinipiga marufuku kusafiri na gari lolote. Kazi ya kulinganisha aliirudia mwenyewe, akageuza Masasi kwa mikono yake. Jekundu lilizidiwa kidogo tu. Agizo la pili likawa Jekundu.

Mjomba alitimiza neno lake. Barua ilikuja kwa mwandiko wa mwalimu yule yule, ikidai talaka. Niliiandika hiyo talaka kwenye meza ya stoo, nikaikunja, nikampa Mzee Nampota aipeleke. Ilivuka Rufiji bila kukwama.

Sikuoa tena. Niliulizwa sana, na majirani wa Magomeni walinitafutia wachumba mpaka wakachoka. Kitanda kipana nilikiuza, mkeka nikabaki nao. Kila masika malori ya kusini yaliingia karakana na wake za watu, watoto, kuku, vikapu vya korosho. Nilisubiri washuke wote, ndipo nainama na kijiti changu. Kabla ya kupima Jekundu ni lazima uchokoe tope kwenye mifereji. Tope lile la Rufiji nalijua kwa rangi. Nililichokoa kwa miaka mingi.

Sasa nimestaafu. Vijana wenye magari makubwa ya siku hizi wananiuliza hapa Magomeni: mzee, tairi gani la njia zote ni bora? Nawauliza wanakwenda wapi. Wengi hawaendi popote, wanakwenda Upanga na kurudi. Hao nawaambia wachukue lisilovuma wakasinzie salama. Anayekwenda kwenye tope namwambia atazame nafasi kati ya kashata kuliko sifa za muuzaji. Na anayeniambia amelinganisha mawili, namwuliza kama aligeuza.

Lakini kuna siku moja sijaisema. Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini, masika yamekolea. Lori la kusini liliingia, watu wakaanza kushuka, na wa nne alikuwa Somoe. Alikuwa amenenepa kidogo, kichwa kimeanza mvi. Nyuma yake alishuka mumewe, mtu mpole mwenye kikohozi kibaya, wanakwenda hospitali kubwa. Alinitambua kabla sijajificha.

"Bakari. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za njia?"

"Nzuri," alisema, akalitazama lori lililojaa tope. "Safari hii hatukukwama hata mara moja."

Nilifungua mdomo nimwambie habari ya kadi. Nilikuwa na maneno yote, nilikuwa nimeyapanga miaka kumi na tisa. Mumewe akaanza kukohoa, naye akageuka kumshika. Nikawaelekeza njia ya kwenda hospitali, nikawabebea kikapu mpaka langoni, tukaagana.

Kisha nikarudi kwenye lori, nikainama, nikachokoa tope. Nikapima la kushoto, nikapima la kulia, nikaandika nilichokiona.